Propela ya Mabawa Manne

Baba Levis,

Omena ziko kwenye sufuria, ugali nimefunika. Kuku wafungie mapema, jana kicheche alikuwa anawazunguka.

Nimeenda Kendu Bay kwa mama. Asubuhi ulitoa ile propela mpya ya boti chini ya kitanda, ukaipangusa na leso yangu na kuirudisha. Ukajisifu kwamba hiyo ya mabawa manne haitelezi kwenye kona, na inamwinua Miss Ingrid wa hoteli majini mara moja, avutwe na boti akiteleza juu ya maji kwa zile mbao zake za miguuni. Haya. Mimi miaka sita natapika kwenye mawimbi nikienda soko la Sindo, nakuomba propela inayoshika maji, boti isiyumbe. Ukaniambia ya mabawa matatu ina mbio, nizoee. Mgeni wa wiki mbili hakuomba hata mara moja, amepata.

Na ubavuni mwa boti umeandika jina langu, Damaris, si Ingrid.

~~Sirudi.~~ Nitarudi Jumapili. Dawa ya Levis iko dirishani, kijiko kimoja jioni.

Usisumbuke kutafuta propela chini ya kitanda, mpya wala ya zamani uliyoifungua kwenye boti. Zote ziko kwenye kikapu changu. Kasia liko nyuma ya mlango. Mvute Miss Ingrid nalo.

Mama Levis