Mashimo ya Ngolo Niliyoyafukia

Baba,

Nakuandikia nikiwa Lituhi, nimekaa kwenye mchanga. Nimefika kwa baiskeli. Tumetoka Songea wanafunzi kumi na wawili, siku nne njiani, tukiomba mabati, misumari na saruji kwa ajili ya nyumba zilizoanguka kijijini kwetu Namswea. Ulizoea kunicheka juu ya baiskeli, ukisema Mmatengo ameumbiwa kupanda mlima kwa miguu yake. Kwenye mteremko wa kuja huku ziwani breki zilikatika, nikashuka nikiburuza soli mpaka zikatoboka. Ungecheka sana.

Mimi sijacheka tangu tukuzike.

Nyumbani kumebaki mlango wako na ukuta mmoja. Mama anakaa kwa shangazi. Kahawa imeiva na anaichuma peke yake, hataki kusaidiwa. Na yule Bwana Maendeleo wa wilaya aliyeletwa kutoka Tanga, mama hamwitikii salamu. Anapita upande wa pili wa njia. Anasema yule ndiye aliyekuua, kwa sababu ndiye aliyeamuru mashimo yetu ya ngolo, tunayochimba mlimani na kulima mahindi kwenye kingo zake, yafukiwe.

Baba, kwa nini ulimwambia mama hivyo?

Yule mtu aliomba nyumba za kijiji kipya zikae kwenye mistari na uwanja wa mikutano uwepo, basi. Mahali alituachia sisi. Mimi ndiye niliyekuja likizo na karatasi zangu za chuo cha usanifu majengo, kila mtu ananiita Ndugu Mchoraji, kichwa kimenivimba. Mimi ndiye niliyeweka uwanja pale juu, kwenye shamba la ngolo, kwa kuwa kwenye karatasi ulipendeza pale.

Jioni ile ulinijia ukavua kofia. Ulivua kofia mbele ya mwanao! Ukasema, "Mwanangu, yale mashimo hayalei mahindi tu. Ndimo maji ya mlima yanamolala. Ukiyafukia, maji yatalala wapi?" Nami nikakujibu bila hata kuinua macho kwenye rula: "Baba, hayo ni mambo ya zamani."

Hukubishana. Asubuhi ulikuja na jembe ukaanza kufukia wewe mwenyewe. Nyasi zile ulizifyeka na kuzipanga kwa mikono yako, mama akazifunika udongo, mwaka baada ya mwaka, na sasa unazivuruga ili watu waheshimu mchoro wa mwanao. Kisha ukaomba nyumba ya kwanza, ile iliyo chini kabisa ya uwanja, wengine wasiogope kuhamia. Na kwa mama ukasema ni amri ya wilaya. Ulinikinga mpaka kwa mkeo.

Mvua zilipokuja, maji hayakupata pa kulala. Matofali mabichi hayakuyaweza, nyumba ikakuangukia.

Safari hii imenitesa kuliko kaburi. Kila tulipofika, kiongozi wetu alinisimamisha: "Huyu ndugu amefiwa na baba yake, lakini amepanda baiskeli kwa ajili ya wenzake." Watu wanatoa. Kule Litembo, mama mmoja aliniona natetemeka kwa baridi, akafungua kitenge chake cha juu akanifunika mabegani. Nikakipokea. Nikasema asante mama, kama mtu mwema.

Leo mchana, hapa Lituhi, sikuweza tena. Wavuvi walikusanyika na kutuahidi mbao za kutengenezea milango. Niliposimamishwa nikasema, "Mvua haikumuua baba. Nimemuua mimi. Nilifukia ngolo, na alinikataza." Mzee mmoja akanishika mkono: "Pole, mwanangu. Msiba humfanya mtu ajisingizie." Kiongozi wetu akasema nimechoka na njia. Wakanipigia makofi, baba! Wakaongeza mbao!

Ndipo nilipojijua. Kutoka Mbinga mpaka Litembo nilipita kati ya watu wanaochimba ngolo, watu ambao wangenielewa kwa neno moja, nikafunga mdomo. Nikaja kuungama huku kwa watu wa mihogo na samaki, ambao shimo kwao ni shimo tu. Woga huo hata jina sijui niupe lipi. Na wenzangu wameshaniambia nichore nyumba mpya. Nikishika penseli naiweka tena chini.

Kuna mtu mmoja tu wa kuambiwa haya. Nimejaribu kukwepa kuliandika, lakini ni mama. Yeye hatanipigia makofi.

Kesho wenzangu wanapumzika. Mimi naanza kupanda mlima kurudi nyumbani. Nitamwambia kuwa ulinionya, kuwa ulidanganya kwa ajili yangu, na kuwa yule mtu wa Tanga hana kosa. Nitamwambia mchana, uso kwa uso, kabla sijanywa hata maji yake. Akinilaani, nimestahili. Akilia, sijui nitafanya nini, baba. Kweli sijui.

Pumzika, baba yangu. Sikuombi msamaha, ukiwa hai ungenisamehe upesi mno, na hilo ndilo lililotufikisha hapa. Nakuahidi jambo moja tu: safari hii sitakuruhusu usimame mbele yangu kunikinga.

Mwanao