Nyumba ya Dada Nasike

Nyuma ya soko,
Kondele, Kisumu.
9 Juni 2024

Mpendwa Naswa,

Pokea salamu zangu, mimi shangazi yako Metrine, kutoka huku kwenye matope. U hali gani huko Norway, mwanangu? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakunywa maji baridi kama wenyeji? Mimi nasukuma tu. Goti la kushoto linauma kila kukinyesha, na mwaka huu kumenyesha kupita kiasi. Kibanda changu cha nguo za watoto kiko palepale, wateja ni wachache, lakini hatujalala njaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu hatuwezani. Ukianza kulia nami naanza, na maongezi yanaishia hapo. Tulipomzika shangazi yako Nasike uliniuliza kwa simu kwa nini dada yangu aliishi kwenye hema miezi yote hiyo na mabati yake yako uani. Sikukujibu. Leo nimekaa nikujibu, na mengine hayatakufurahisha.

Ulishaniambia kwamba huko chuoni mnasoma habari za jinsia: nani aliyepanga kwamba kazi hii ni ya mwanamke na ile ya mwanamume, na wanawake wa nchi mbalimbali walianzaje kukataa. Ukaniomba ya kwetu. Ya kwetu ni mafupi. Kukhu, nyanya yetu, hakuonja kuku maisha yake yote. Alimfuga, akampika, akawapakulia wanaume, yeye akala mboga. Mama yangu alimla, lakini jikoni, mlango umefungwa. Mimi na Nasike tulimla mezani. Baba akatutazama weee, kisha akaendelea kula. Tukadhani mambo yamekwisha. Ilipokuja katiba mpya tukasikia redioni kwamba binti na mjane wana haki ya ardhi kama mtu yeyote. Nasike alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Unajua aliolewa Ahero kwa Obiero, na wakalima mpunga pamoja miaka mingi. Obiero alipofariki, wakwe walimwambia kwa upole achague shemeji wa kumrithi, kama ilivyo desturi ya Wajaluo. Alikataa. Alisema ameokoka, na hamu ya mume mwingine hana. Walinung'unika kidogo, wakanyamaza. Nyumba yake ilikuwa bado imara, kwa hiyo hakuna aliyemsumbua.

Kisha Novemba mto ukavunja kingo. Nyumba ya udongo ikaloa, ikainama, ikaanguka. Watu wa msaada walimpa hema, akalipiga palepale kwenye boma lake. Aki dada yangu huyo, hata hakulia! Aliuza ng'ombe, akanunua mabati, mbao na misumari, akamwita fundi Oduor aje aanze kazi.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kule nyumba ya mwanamke haisimami mpaka mwanamume wake achimbe shimo la kwanza na kusimamisha nguzo. Mjane lazima awe na mrithi, mwanawe wa kumzaa hafai, na nyumba ikiisha, mrithi huyo alale naye humo. Bila hivyo, wanasema, chira inaingia: ule mkosi wa kukonda na kufa, na huanza na watoto wadogo. Oduor alipima kiwanja, akanywa chai, na alipoambiwa hakuna mwanamume wa kusimamisha nguzo, akakusanya vyombo vyake. Akaletwa fundi mwingine kutoka Muhoroni, naye akaondoka vivyo hivyo.

Laban, mdogo wake Obiero, hakumtukana wala kumfukuza. Alisema tu kwamba yeye yuko tayari wakati wowote, uamuzi ni wa shemeji. Wazee wakaitisha kikao, wakatoa njia nyingine, ati atafutwe mtu wa kulipwa kutoka mjini, afanye hiyo kazi usiku mmoja aende zake. Mchungaji alikuwepo. Nasike aliwajibu wote: "Nilimlilia mume wangu nikamaliza. Sasa mnataka nilale na mtu ndiyo mvua isininyeshee?" Mchungaji akainuka, na kikao kikaisha bila maombi.

Aliyemuumiza zaidi ni Mathews, mwanawe wa kumzaa, yule anayeendesha trekta la miwa. Alikuja Jumapili moja akamwomba mama yake akubali, mara moja tu, kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Mathews si mtu mbaya. Anaogopa, na ukiwa na mtoto wa kwanza unaogopa kila kitu. Nasike alimshika mkono, akamwambia arudi kazini.

Mimi sikukaa kimya, unanijua. Nilienda kwa chifu. Akaniambia sheria iko upande wa dada yangu kabisa, lakini yeye hawezi kumshika fundi kwa nguvu na kumpandisha juu ya paa. Nikaenda kwa kikundi chetu cha akina mama. Tulikuwa na semina hotelini, tukapewa fulana, tukaimba, na dada mmoja kutoka Nairobi akatufundisha maneno makubwa kama hayo yako. Niliinua mkono nikaeleza habari ya Nasike. Wote walisikitika sana, kisha tukaitwa chakula cha mchana. Sisemi masomo yako ni bure, Naswa. Bila akina mama waliotutangulia kupiga kelele, hata kibanda hiki kisingekuwa kwa jina langu. Ila siku ile nilihitaji mtu mmoja tu wa kusimamisha nguzo, na hakuwemo ukumbini.

Sasa hili, tafadhali lisome ukiwa umekaa. Nilimpigia kaka yangu, baba yako Wekesa, nikamwomba amkatie dada yake kipande pale nyumbani Bungoma. Alisema Nasike ameolewa, kwao sasa ni Ahero, na tena wavulana wake yeye Wekesa bado hawajagawiwa shamba. Ndiye baba huyohuyo aliyekusomesha wewe msichana mpaka ukapanda ndege, na mpaka leo anajigamba kwa ajili yako kanisani. Nimejaribu kumchukia nimeshindwa. Lakini nimeona heri uyasikie kwangu kuliko kwa mtu wa pembeni.

Nilimsihi Nasike aje akae nami Kondele. Alisema akitoka pale shamba limeenda, na hakukosea. Ng'ombe wa Laban walikuwa wameshaanza kula pembeni mwa mpunga wake.

Basi akabaki kwenye hema. Aprili mvua ikarudi na mafuriko yake, hema likachanika, godoro halikukauka tena. Ilianza homa, ikashuka kifuani. Alipokubali nimlete hospitali alikuwa hawezi kutembea. Pale kitandani aliniuliza kama mabati yamefunikwa yasishike kutu. Nikamwambia yamefunikwa. Alifariki Ijumaa, nikiwa nimetoka kidogo kumtafutia uji.

Kule, mke wa watu hazikwi bila nyumba. Maiti lazima ilale ndani ya nyumba yake kabla ya kwenda kaburini, na kama hana, anajengewa upesi. Nilipofika Ahero, Laban alikuwa ameshavua shati. Yeye mwenyewe alichimba shimo la kwanza na kusimamisha nguzo. Habari ya mrithi na ya kulala humo haikutajwa. Nilipomuuliza mzee mmoja, alisema marehemu hana masharti. Oduor akapanda juu na nyundo yake. Mathews alibeba mbao huku akilia kwa sauti, hata watu wakamwambia apumzike, akakataa. Vijana wa ukoo walikuja, na vijana wa kanisa, na yule fundi wa Muhoroni. Asubuhi palikuwa na matope matupu, jioni pakawa na nyumba, mlango na dirisha na kufuli. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwatazama. Sijawahi kukasirika hivyo maishani mwangu, Naswa. Nilitaka kumpiga mtu, na kila mtu alikuwa anafanya kazi nzuri.

Siku ya mazishi, tulipomaliza kumfukia, mvua kubwa ilishuka. Waombolezaji wote wakakimbilia ndani ya nyumba ya Nasike. Nikawasikia wakiisifu, ati haivuji hata tone. Mimi sikuingia. Nilibaki kando ya kaburi nikanyeshewa.

Debra, mke wa Mathews, akatoka akaja kusimama nami, mtoto mgongoni amemfunika leso. Hakunivuta niingie. Aliniuliza polepole, kama Mathews akitangulia kufa na nyumba yao ikaanguka, je, mimi mama mdogo nitakuja kumjengea?

Nilimwambia ndiyo. Nilisema haraka, kabla sijafikiria ni mwanamume gani atakayenifuata kusimamisha nguzo. Akashukuru, akarudi ndani na mtoto. Tangu siku hiyo sipati usingizi, maana sijui kama nilimdanganya.

Debra mwenyewe anakusalimu, na Mathews pia, ingawa siku hizi haongei sana. Mama yako anasema umpigie Jumapili. Baba yako msalimie wewe mwenyewe; mimi na yeye tunasalimiana kupitia watu. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akujalie mahali pako pa kulala ukiwa hai.

Ni mimi shangazi yako akupendaye,
Metrine