Gugu kwenye Meza ya Maua ya Asili

Shoga yangu Geneva, siamini. Gugu! Chama chetu cha mimea ya asili kinauza gugu!

Lile la maua ya njano tunalong'oa kila Jumamosi kando ya kijito. Vikopo kumi na viwili vya miche yake mezani, na kibao juu: "Maua ya Asili ya Tennessee."

Nikamnong'oneza mwenyekiti wetu, Bi Lurleen, anayejiona kaumba msitu: "Mama, haya si ya kwetu." Akanitazama mimi na mtoto mgongoni. "Binti, darasa lako la mimea la jioni lisinifundishe bustani yangu."

Bustani yake! Kumbe kayachimba kwake!

Nikachomoa mche mmoja. Mizizini vinundu vile vile vya gugu la kijitoni. Akaviona, akanywea. Unajua alisema nini? "Nyamaza tu, mpenzi. Matembezi ya watoto msituni mwakani utayaongoza wewe."

Yale niliyoyaomba miaka miwili, Geneva. Miwili!

Nikapanda kwenye benchi na mwanangu, nikapaza sauti: "Mlionunua maua ya njano, rudisheni! Ni gugu!"

Wamerudisha yote. Matembezi Bi Lurleen kampa mpwa wake, asiyejua tofauti ya nyasi na kitunguu.

Mlete mwanao Wendell Jumapili. Watoto nitawatembeza mwenyewe, bila kibali cha mtu.