Jina ya Mzee Ramazani mu Liste Yako

Mama Numbi,

Ni minyi Banza, ule wa kuuzisha sabuni na sigara ku gare ya treni, ule weye ulikuwa unaita "kinywa bila frein", bila breki. Tangu tulikuzika sijasema na weye. Nilikuwa naogopa utanijibu.

Huku mvua ya kwanza ilishaanguka. Vita iko bado. Bakimbizi ba Kabongo baliongezeka, mu quartier yetu kila nyumba iko na familia mbili, na basoda, baaskari ba base ya jeshi, banapita mu barabara kila saa. Na kazi yako, ile ya bantu ba msaada ba kanisa ya ng'ambo, komite ya msaada ilinipatia minyi. Ndiyo mama, minyi. Balisema najua nyumba ya kila muntu. Ni kweli: hakuna nyumba yenye haijanifukuza na sabuni yangu.

Balinipatia cahier yako, daftari ya liste, niandike majina ya bale benye batapata jembe, mbegu ya mahindi na chumvi. Weye ulikuwa unaingia mu nyumba, unakaa chini, unauliza kitu moja tu: "Jana mulikula nini?" Unakumbuka bibi ya ule soda mwenye aliiba kuku yako? Tulifika ku mulango yake, minyi nakufuata na sabuni yangu, nikakuvuta nguo, nikasema mama, hapa tupite tu. Ukaingia. Ukauliza ileile. Ukamuandika. Mu njia nilikuchekelea mpaka na weye ukacheka, ukasema, "Banza, kuku ni kuku. Batoto bale balilala njaa."

Sasa sikia kile nilifanya.

Iko Mzee Ramazani, mufanya biashara, bankambo bake, bababu, balitoka Maniema, kule Baislamu ni bengi. Alikimbia Kabongo na bibi yake na batoto, duka yake iliungua. Minyi nikawaza: msaada ni ya bakristu, na huyu anaswali. Bataona jina, batamukata. Basi nikajiona mwerevu. Nikamuandika Raphaël. Bibi yake Zaina, nikamuandika Jeanne. Tena nikabafundisha alama ya musalaba, kama batauliza. Batoto balijua mara moja. Mzee alikuwa anaanzia ku tumbo, kama muntu anatafuta sigara mu mufuko. Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa anafanya tu juu ya batoto bake benye njaa. Hiyo siku ile sikuiona.

Juzi madame ya msaada alishuka na ndeke ku base. Akatuambia: samedi, Jumamosi hii, kila muntu akuye na carte yake ya kitambulisho, batalinganisha jina na liste, basoda batalinda. Carte ya mzee inasema Ramazani. Mu vita hii, muntu mwenye anatoka upande wa Kabongo na majina mbili, basoda habamuulize sana. Banasema ni mupelelezi, banamupeleka, na bengine habarudi. Na kama mzee hakuye, hana mbegu, na mvua haitamungoja.

Siku mbili, ku gare muntu ananiomba sigara, minyi namupatia sabuni.

Leo asubui nikaenda. Nikasema yote mbele ya madame na komite. Président wa komite akasimama, akasema ninachafua jina ya kanisa. Madame hakukasirika, na ile njo iliniumiza zaidi. Akaniuliza polepole, "Nani alikuambia siye tunakataa Muislamu?"

Hakuna muntu aliniambia. Myaka tatu nilikuona na macho yangu unaingia mu kila nyumba, na nilifikiri ni roho yako tu mama, si sheria yao.

Akanituma nirudi kwa mzee, niombe samahani, niandike jina yake ya kweli mbele yake. Nikaenda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Andika Ramazani. Muntu akitaka kunilisha, anilishe minyi. Ule Raphaël simujue."

Lakini kopi ya liste ya zamani ilishafika kwa commandant, mukubwa wa basoda. Madame anasema atamuelezea. Commandant anaweza kusikia, anaweza kukataa, na hakuna mwenye anajua siku ile ataamuka namna gani.

Pumzika, Mama Numbi. Samedi nitatembea na mzee mpaka ku meza, minyi mbele, yeye nyuma. Nakuahidi. Kama soda anauliza majina mbili ni ya nani, nitamuambia huyu mzee iko na moja tu. Ile ingine niliitengeneza minyi, na minyi niko hapa.

Banza