Makofi mbele ya wimbo

Yaya Furaha,

Jambo kwako na kwa batoto. Hapa Bujumbura mi niko muzima, lakini tangu jana chakula hakipite, juu ya hasira.

Jana ilikuwa konseri ya mwisho ya Baba mukubwa. Miaka makumi mbili anafundisha violoni ku iniversite, sasa banamuambia apumuzike. Bakubwa ba iniversite bakakuja, bakakaa mbele, bakaanza madiskuru, hotuba ndefu ndefu. Mumoja anamaliza, mwengine anasimama. Brosheti za nyama zikapita, Fanta zikapita. Wakati balimuita Baba mukubwa acheze, couvre-feu, saa ya kukataza kutembea usiku, ilikuwa karibu, na mutu akikutwa inje basoda banamukamata. Baba mukubwa akakaza kamba za violoni moja moja, akijaribu sauti, vile anafanyaka nyumbani kila asubui mbele ya kuanza. Basi bakapiga makofi! Yule wa mikro akasema, "Merci, Professeur, ni muzuri sana! Sasa turudi, saa imefika." Bote bakakimbilia magari.

Yaya, mi nilijua hajaanza. Mudomo ukakataa kufunguka. Nachukia bale bakubwa, na najichukia mimi pia.

Ku njia akacheka: "Walau makofi nimepata." Mi sikucheka.

Leo asubui akakaza kamba, halafu akataka kurudisha violoni mu sanduku. Nikamuambia, "Apana, Baba. Cheza. Mi siendi fasi yoyote." Akacheza wimbo yote, mi nimesimama ku mulango, ngumi nimefunga.

Unikumbatilie Mama sana. Umuambie nimefungua mudomo.

Ndugu yako, Bahati