Neno Nililosahau Mbele ya Maziwa Yako

Halima, abaayo,

Nakuita dada kwa lugha yako, kama ulivyokuwa ukiniita tangu siku ya kwanza. Leo Jumatatu, siku ya soko letu hapa kivukoni Garissa. Nimetoka huko sasa hivi, na nisipoandika leo sitaandika tena.

Baada ya kukuzika, wafugaji wenzako walikaa Jumatatu tatu bila kuja mtoni. Sisi wakulima tukakaa na mahindi na ndizi mpaka zikaoza. Hakuna aliyenitukana. Walinong'ona tu kwamba jicho langu ndilo lililokuua, na mimi nikaamini.

Unakumbuka. Ulifunua kibuyu, harufu ya ule moshi unaofukizia vyombo ikapanda, nikasema maziwa haya hayana mfano. Basi. Sikusema mashallah. Mwislamu mimi, mtu mzima, nikasahau neno moja. Ukanitazama, ukacheka kidogo, ukasema kwa Kiswahili chako kile: "Abaayo, kitu fizuri ukisifu, taja Mungu kwanza." Nikakutania kwamba wafugaji mmezidi kuogopa macho. Siku ya nne homa ikakuchukua.

Tangu hapo nakusikia. Nikipalilia shambani, nasikia kifuniko cha kibuyu kikifunuliwa nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Nanusa moshi wako mahali pasipo na moto. Nimekuogopa, Halima. Wewe, ambaye mwaka ule vita vya watu wenu na wetu vilipokwisha tulianza nawe soko hili na mikeka miwili, kibuyu chako na kikapu changu, watu wakitucheka kwamba mfugaji na mkulima hukutana pale tu ng'ombe wanapoingia shambani.

Leo mama yako alikuja, peke yake, amebeba kibuyu chako. Akakaa mahali pako, ambapo hakuna aliyethubutu kukaa, akamimina kikombe, akaninyooshea. Niligeuza uso. Nikamwambia siwezi tena kuyatazama maziwa ya nyumba yenu.

"Tazama," akasema. "Sema sasa."

Nikasema mashallah. Nikarudia. Akanywa yeye kwanza mbele ya wote, kisha akanipa kilichobaki. Nilikunywa huku nalia. Halafu akapekua mahindi yangu na kulalamika kwamba ni madogo, vile vile kama wewe.

Sijui kama amenisamehe. Nilitamani kumuuliza, nikashindwa. Alisema tu kwamba Jumatatu ijayo atakuja na wanawake wengine.

Pumzika, abaayo, Mungu aupanue mlango wako huko. Mkeka wako nitautandika mimi kila Jumatatu, kabla ya wangu. Na ukija tena kufunua kifuniko nyuma yangu, sitakimbia. Nitalisema lile neno kwanza, ndipo nigeuke.

Wako wa mtoni,
Hadija