Mashine ya Marehemu Fundi Rashidi

Ukunda,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na magoti yako kabla ya jambo lolote: yameacha kukuuma tangu baridi ya Taita ipungue? Na kifua cha Bibi? Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula, na leo asubuhi nimekwenda kanisani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza, "Mashine je, inafanya kazi?" nami ningejibu kwamba inafanya, kisha tungeingia habari za mahindi. Mara mbili nimekufanyia hivyo. Ukweli ni kwamba mashine haiko kwangu tena. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Unakumbuka kile kibanda cha mabati nyuma ya chumba ninachopanga, nilichokigeuza karakana. Mashine ya kuchomelea nilikuwa nayo, grenda nilikuwa nayo, na jiliwa moja la kubania vyuma, lililochoka. Kilichokosekana ni mashine ya kukereza vyuma, ile ambayo mafundi wanaiita lethi. Mwenye lethi hapa Diani hutengeneza shafti za boti za watalii na bushi za pampu za visima. Asiye nayo huchomelea madirisha mpaka azeeke. Mpya hatuwezi hata kuiota, kwa hiyo tulikubaliana nitafute iliyotumika, nawe ukamuuza Maua, ng'ombe aliyekuwa akimpa Bibi maziwa ya chai.

Nikasikia kwamba Msambweni kuna fundi amefariki, Fundi Rashidi, na kwamba mdogo wake, Hamisi, anauza vyombo vyake vya kazi. Nilifika asubuhi. Wanunuzi tulikuwa watano, na mwanamke nilikuwa peke yangu.

"Dada, sufuria haziuzwi leo," mmoja wao akasema, wenzake wakacheka.

Niliinama nikapitisha ukucha juu ya reli za mashine, pale karibu na kichwa, mahali ambapo lethi nyingi za mitumba huwa zimelika mpaka zikafanya bonde. Hii haikuwa na bonde. Bahari iko karibu pale na chumvi hula chuma upesi, lakini marehemu alikuwa ameipaka grisi kila pembe kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nikazungusha vishikio, nikaiwasha, nikaisikiliza. Kilichopungua ni kimoja: giya ndogo za kubadilisha, ambazo bila hizo mashine haiwezi kukata nyuzi za bolti.

"Zimo humo humo katika takataka, utaziona," Hamisi akasema.

Nikamwuliza, "Na mjane amekubali?"

Akaonyesha mlango wa nyumba kwa kidevu. "Shemeji yuko edani. Yeye hatoki, nasi wanaume hatuingii. Lakini ameridhika. Kama hakuridhika si ungesikia kelele?"

Nikautazama ule mlango. Ulikuwa na pazia la kijani, na kizingitini ndala za kike. Mama, huku Pwani Mwislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na wanaume wa kando hawaonani naye. Lakini wanawake huingia na kutoka. Nalijua hilo; nimeishi hapa miaka mitatu, na nimekwisha kuingia katika nyumba za namna hiyo kutoa pole. Katika wanunuzi watano, mimi peke yangu ningeweza kupiga hodi nikamwuliza mwenyewe. Nilifikiri jambo moja tu: nikiingia, huenda akakataa. Nikatoa pesa. Nilishinda, maana wale wanaume walikuwa bado wanavutana kuhusu bei.

Siku kumi nilikuwa na furaha ambayo sasa naiona aibu. Kisha mwenye boti moja akaniletea kazi ya kukata nyuzi za shafti, nami giya sikuwa nazo. Nilikuwa nimepekua takataka zote za marehemu nilizochukua pamoja na mashine. Nikarudi Msambweni. Hamisi hakuwapo. Jirani anayeuza mahamri mbele ya nyumba ile akaniambia, "Giya anazo mjane. Marehemu alikuwa akizilaza ndani kwenye kitambaa cha mafuta zisishike kutu. Ingia ukamwombe. Kwani wewe si mwanamke?"

Basi niliingia, Mama. Niliingia kwa sababu nilitaka kitu.

Anaitwa Mwanasha. Nilimdhania mtu mzima, kumbe tuko rika moja. Alikuwa ameketi mkekani, amejifunga nguo nyeupe, na mabinti zake wawili kando yake.

"Karibu," akasema. "Kumbe mlango waujua."

Nikampa pole. Akaipokea vizuri, akaniacha nikae. Kisha akaanza kusema, bila kupandisha sauti.

"Siku ile nilikuona dirishani. Nikamwambia huyu mkubwa, lete kiti, leo wamekuja na mwanamke, ataingia. Akakileta, akakipangusa. Ndicho hicho ulichokalia. Tukangoja. Mara tukasikia mwahesabu moja, mbili, tatu, mwaipandisha mashine kwenye pikapu."

"Shemeji yako aliniambia umeridhika."

"Ndiye uliyemwuliza."

Akanieleza kwamba mirathi haijagawanywa, kwamba eda ikiisha ataipeleka kwa kadhi, na kwamba kwa kuwa hawezi kutoka, kila juma anasikia kitu kingine kikitolewa kibandani. Akafunua kitambaa, akanionyesha giya zenyewe, safi, zinang'aa kwa mafuta. Nikataja bei. Akazifunika.

"Sikuuzii. Nikikuuzia hizi nitakuwa nami nimeuza."

Nilirudi Ukunda na nikakaa siku tatu nikijitetea. Nilijiambia kwamba mimi nilinunua kwa haki, kwamba nisingenunua mimi angenunua mwingine, na kwamba huko nyumbani ng'ombe ameshakwenda. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililonisaidia. Siku ya nne nikakodi pikapu nikairudisha.

Hamisi alikuwapo. "Dada, umerogwa?" akasema. "Mimi nami ni mrithi. Tena pesa zimekwisha, usije ukanisumbua."

"Sikuja kukudai. Fungua kibanda."

Tuliishusha na wale vijana wa pikapu, nikakifunga kibanda kwa kufuli yangu, na ufunguo nikampa yule binti mkubwa akaupeleka ndani. Nikasimama uani kidogo. Nilidhani Mwanasha ataniita, hata kwa neno moja. Hakuniita. Nikaondoka.

Sasa nimeajiriwa kwa fundi mmoja hapa mjini. Ninachomelea madirisha kwa malipo ya siku. Maua hayuko zizini na mashine haiko kibandani kwangu, na aliyefanya hivyo ni mimi. Naomba unisamehe la ng'ombe.

Lakini kuna jingine. Baba alipofariki nilikuwa na miaka minane. Baba mdogo alileta watu uani wakachukua misumeno ya Baba na randa zake. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo. Nakumbuka alivyozifunga randa kwenye leso akajitwika. Wewe ulikuwa chumbani, nami miguuni mwako. Kila nyayo zilipokaribia mlango uliinua kichwa, zikipita ukakiinamisha. Nilidhani unaogopa. Sasa najua ulikuwa unangoja, na namjua uliyekuwa ukimngoja. Nimemchukia mama yule maisha yangu yote, bila hata kumjua jina.

Msalimie Bibi, umwambie nitamletea maziwa ya unga mwisho wa mwezi, ingawa najua hayapendi. Msalimie kaka Mwakio na mkewe, na shangazi anayekuchotea maji. Baba mdogo akiuliza, barua hii haina salamu zake.

Ukitaka kunijibu, nijibu. Ukinyamaza, nitajua umeisoma.

Ni mimi mwanao,
Wakesho